Picha Isafishwe

Bahasha ilitoka Songea na basi la asubuhi, na Beata aliifungua palepale stendi ya Mbinga, kondakta akiwa bado juu ya basi anafungua kamba za mizigo. Alizipita haraka picha asizozitaka. Sekela amesimama mbele ya ofisi ya kata. Sekela na walimu wa Mbaha, wote wamekodoa macho kama walioitwa hukumuni. Sekela ameshika samaki. Ya mwisho kabisa ndiyo aliyokuwa akiisubiri: Ziwa Nyasa lilivyoonekana kutoka kilimani, asubuhi ile Lidia alipofariki.

Ziwa lilikuwa limetulia.

Aliigeuza picha kwenye mwanga, akaisogeza mbali, akaitazama kwa jicho moja. Haikusaidia. Maji yalikuwa yamelala kutoka ufukwe wa Mbaha hadi milima ya ng'ambo, rangi ya bati kuukuu, bila mkunjo. Hata mtoto wa kwao Mkumbi, ambaye hajawahi kuona maji yanayozidi ya kisima, angeitazama na kusema: hapa mtu anavuka.

Na shauri lote lilikuwa hilo. Emilian, mume wa Beata, ndiye aliyekuwa na boti pekee yenye mashine pale Mbaha. Zamani boti ile ilikuwa ya ushirika. Ushirika ulipokufa na mali zake kuuzwa, Emilian aliinunua, na tangu hapo wenye midomo wakasema mashine yake haisikii tena kamba ya kuiwashia, inasikia noti. Asubuhi moja ya mwezi wa sita, kabla jua halijapanda, Notburga alimleta binti yake Lidia ufukweni, uchungu umemkaa vibaya, ili apelekwe hospitali ya misheni iliyoko kusini. Emilian alikataa kuondoka. Alisema mwera unavuma, ule upepo wa kusini unaolichafua ziwa msimu wa baridi, na kwamba akiingiza boti kwenye maji yale watazama wote. Wakangoja upepo utulie. Lidia hakungoja. Alifariki kabla ya adhuhuri, na mtoto wake tumboni.

Notburga aliapa kwamba hapakuwa na upepo. Emilian aliapa kwamba ulikuwepo. Serikali ya kijiji iliwaita mashahidi, ikagundua jambo ambalo ingelijua bila kumwita mtu: waliooa kwenye ukoo wa Notburga walikumbuka ziwa shwari, waliooa kwenye ukoo wa Emilian walikumbuka mawimbi. Wiki ile mwera ulikuwa ukivuma na kukatika, ukivuma na kukatika, kwa hiyo kila mtu alikuwa na siku ya kuchagua. Ndipo Sekela, bibi shamba aliyeletwa kutoka Mbeya, alipokumbuka kwamba asubuhi ileile alipanda kilimani akapiga picha ya ziwa awapelekee wazazi wake. Filamu ilikuwa bado ndani ya kamera. Aliikabidhi kwa mtendaji wa kijiji, akaenda likizo. Mtendaji akaipeleka Mbinga kwenye studio ya Urbani, ambayo hutuma filamu zake Songea, pamoja na agizo fupi: picha isafishwe, ikuzwe, ataifuata mwenyewe. Studio yenye kompyuta ilikuwa hiyo tu mji mzima. Kwamba anayeketi mbele ya kompyuta hiyo ni mke wa Emilian, mtendaji ama hakulijua ama aliona hana pengine pa kwenda.

Beata hakuwa ameiogopa picha ile. Aliisubiri kama mtu anavyomsubiri wakili. Alikuwepo Mbaha siku ile. Alikuwa ameteremka kwa mumewe kwa mapumziko, na mawimbi aliyakumbuka. Aliyakumbuka meusi, yamejipanga kama matuta ya ngoro, yale mashamba ya mashimo kwenye mteremko wa kwao, tofauti ni kwamba haya yalikuwa yanatembea. Aliikumbuka hata sauti yake. Akiwauliza macho yake usiku au mchana, yalimjibu vilevile. Sasa karatasi inamwambia kwamba macho yake ni mashahidi wa uongo.

Studioni, Urbani aliichukua picha mkononi mwake bila kuomba.

"Sasa hii ndiyo picha," alisema. "Ziwa limepigwa pasi, na mkaa bado umebaki." Kisha akauona uso wa Beata, akaikumbuka habari yote, akairudisha picha mezani taratibu na kukumbuka pia kwamba nje ana mteja wa pasipoti.

Emilian aliingia mchana. Alikuwa amepanda kutoka ziwani jana yake na kulala kwa ndugu, kwa sababu mtendaji alikuwa na mkutano wilayani na angepita kuichukua picha saa tisa, aondoke nayo. Baraza la kijiji lingekaa kesho. Likiamini kwamba alikataa kuondoka bila sababu, boti ingezuiwa kubeba watu, na jina lake lingepelekwa polisi. Hayo aliyasema mwenyewe, bila kupandisha sauti, huku akiitazama picha bila kuigusa.

"Huyu bibi alikuwa juu mno," alisema mwishowe. "Ukiwa juu, ziwa lolote ni sahani."

"Nimeona."

"Lakini wewe ulikuwepo, mama Joakim. Ulikuwepo, au hukuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Uliona nini?"

"Mawimbi."

"Basi kamera ndiyo haikuwepo. Ionyeshe ilichokikosa."

Beata hakujiona mwongo alipoiweka picha kwenye skana. Kazi yake ilikuwa hiyo kila siku. Aliwatoa maharusi chunusi. Aliwavika tai na koti marehemu ambao maisha yao yote hawakuwahi kuvaa tai, ili familia ipate picha ya kuweka juu ya jeneza, na hakuna aliyewahi kurudi kusema huyu siye. Walirudi kusema, huyu ndiye. Picha ni kitu kinachopigwa haraka na chombo kisichojua kinatazama nini. Mtu aliyekuwepo ana haki ya kukirekebisha. Ndivyo alivyojiambia, akaamini.

Alianza na anga. Ilikuwa nyeupe, imepauka. Akaishusha hadi ikawa na rangi ya moshi wa jikoni. Kisha maji. Akayatia giza, yakawa meusi lakini yakabaki laini, kama lami. Akatafuta kwenye kompyuta picha za jubilei ya padre mmoja wa Lituhi, ambako kulikuwa na mawimbi nyuma ya mitumbwi. Akakata kipande, akakipunguza ukubwa ili kilingane na umbali, akaanza kukigonga juu ya maji ya Mbaha kwa ile alama ya muhuri ambayo hunakili sehemu moja na kuipandikiza nyingine. Wimbi, wimbi, wimbi. Kila alipomaliza safu moja alifumba macho na kulinganisha na lile alilolibeba kichwani.

"Meusi zaidi," alijisemea.

"Na huku nje ya rasi palikuwa peupe," Emilian alisema nyuma yake. Alikuwa amevuta kiti hadi pumzi yake ilimgusa shingoni. "Povu. Weka povu."

Akaweka povu.

Nje, Urbani alikuwa anambembeleza mteja ainue kidevu, akimwambia kwamba Uhamiaji hawampi pasipoti mtu anayejionea aibu. Mteja alicheka. Beata alisikia kicheko kile kama kinatoka wilaya nyingine. Ziwa lilikuwa linarudi mbele yake, lile lake, naye akaingiwa na furaha iliyofanana na hofu. Alikuwa hajawahi kufanya kazi nzuri kuliko hiyo.

Kitu kimoja tu hakikukubali. Kulia, mbali, juu ya maji, kulikuwa na mstari wa kijivu uliosimama kama nguzo, mwembamba chini, umefumuka kidogo juu. Alipoiona picha mara ya kwanza alidhani ni uchafu wa filamu. Sasa, baada ya kuikuza, aliona una umbo. Ulionekana kama moshi. Katika ziwa tulivu haukumsumbua mtu. Katikati ya mawimbi ulisimama kama msumari.

"Na hilo doa litoe," Emilian alisema.

Lakini mkono wa Beata ulikuwa umetangulia. Fundi huona kosa na kulinyoosha kabla ya kuambiwa. Aliuzungushia mstari ule alama, akaushika kwa kipanya, akaulaza kuelekea kaskazini, kama moshi unavyolala unaposukumwa na mwera. Papo hapo picha ikapumua. Upepo ukaingia ndani yake. Kila wimbi alilolipandikiza likapata sababu.

"Nimesema ulitoe," Emilian alisema. "Sikusema ulilaze."

Alilisema haraka mno. Beata aligeuza kichwa.

"Kwani ni moshi wa nini?"

"Si moshi."

"Ni nini?"

Emilian alitazama mlango. "Kungu."

Kungu aliwajua. Ni wadudu wadogo kuliko mbu, huzaliwa majini na kupanda juu kwa mamilioni. Mama mkwe wake huwakinga kwa kikapu wanapofika ufukweni, akawafinyanga kuwa vitumbua vyeusi vyenye harufu ya samaki, na Beata alishavila kwa heshima ya ndoa. Lakini yeye ni mtoto wa milimani. Aliwajua kungu wanaomwingia puani, hakuwajua kungu wakiwa mbali, wamesimama juu ya ziwa. Aliyezaliwa Mbaha angewajua kwa kutupa jicho mara moja. Mtendaji alizaliwa Mbaha. Notburga alizaliwa Mbaha.

"Wamesema picha isafishwe," Emilian alisema, na sasa sauti yake ilikuwa laini. "Safisha, mke wangu."

Kusafisha picha, kwa watu wote wanaopeleka filamu Songea, ni kuitoa kwenye filamu na kuiweka kwenye karatasi. Hakuna anayefikiria sabuni. Beata alilitumia neno hilo mara nyingi kwa siku, na hakuwahi kuona lina kona ambayo mtu anaweza kujificha.

Beata aliirudisha kompyuta hatua moja nyuma, na nguzo ya kungu ikasimama tena, wima, katikati ya mawimbi yake yote.

Wadudu wepesi kuliko majivu. Baba yake, akichoma mabua ya maharage kule Mkumbi, hutazama kwanza moshi wa jikoni kwa jirani. Ukiinama hata kidogo, anaahirisha. Moshi hauhitaji upepo mkubwa ili uiname. Unahitaji pumzi. Na hawa kungu, ambao mtu huwapuliza mkononi wakatoweka, walikuwa wamesimama juu ya ziwa asubuhi ile kama mshumaa kanisani.

Akafumba macho, na safari hii hakuyauliza yaliona nini. Aliyauliza yalikuwa yanatazama wapi.

Yalikuwa yanamtazama Lidia. Kichwa cha Lidia kilikuwa mapajani mwake, na yeye Beata alikuwa amelipa ziwa mgongo. Hakuwa ameliona hata mara moja. Mawimbi meusi yalikuwa ya jana yake, siku aliyoteremka, aliyoyasikia hadi akapata usingizi. Asubuhi ile alisikia neno moja tu, mwera, kutoka kinywani mwa mumewe, na kichwa chake kikaenda kuchukua mawimbi ya jana na kuyaleta. Alimfunika Lidia kanga kifuani. Kanga nyepesi, iliyochakaa. Ililala hapo alipoiweka. Hakuishika kwa mkono, wala haikuinuka hata pindo.

"Mwera uliusema wewe," alisema.

"Nini?"

"Sikuuona. Nilikusikia wewe unausema."

Emilian aliinama, viwiko juu ya magoti. Kwa muda alionekana kama atakasirika, na Beata alitamani akasirike, kwa sababu mtu aliyesingiziwa hukasirika. Badala yake alianza kueleza, chini chini, huku akikitazama kipanya. Kulikuwa na mfanyabiashara wa Songea aliyekodi boti kubeba magunia ya usipa, dagaa wa Nyasa, hadi Lituhi asubuhi ile. Alikuwa amemwambia wazi kwamba asipomkuta atatafuta boti nyingine, na watu wale wakikuacha mara moja hawarudi. Hospitali ni mbali. Angeenda kusini, angerudi jioni. Na uzazi wa kwanza huchukua siku nzima, kila mtu anajua. Alihesabu kwamba mfanyabiashara atakuja, amshushie magunia, arudi, ampeleke Lidia, na saa zitabaki.

"Na mwera ulikuwa unaanza kila siku," alisema. "Nilijua utaanza tu. Nilisema kitu ambacho kingekuwa kweli baada ya saa moja."

"Ulianza?"

"Hapana."

"Mwenye magunia alikuja?"

Emilian alitikisa kichwa.

Nje, viti vilikwaruza sakafu. Sauti ya Urbani ilibadilika, ikawa ya mtu anayekaribisha wakubwa. Kupitia upenyo wa pazia lililotenga chumba cha mbele Beata alimwona mtendaji akivua kofia, na nyuma yake, akiingia kwa kujishika ukutani, Notburga. Walikuwa wamepanda pamoja. Urbani aliwaketisha kwenye benchi la wateja, chini ya lile pazia lake la kupigia picha lenye maporomoko ya maji na ndege ya abiria, akasema picha iko jikoni, inapakuliwa sasa hivi. Hakuna aliyecheka.

Emilian alisimama, akatoka kidogo kwenye upenyo. Adabu haimruhusu mtu kujificha.

"Shikamoo, mama."

Notburga alimtazama. Salamu ile ilibaki hewani, na kila aliyekuwa ndani ya chumba aliisikia ikikosa pa kutua. Emilian alirudi ndani.

"Chapa," alisema. "Toa hao wadudu, chapa. Mengine umeshamaliza."

Beata alifungua picha mbili kando kando. Kushoto, ziwa lake jeusi, zuri, la kutisha, lenye msumari wa kijivu ambao muhuri ungeumeza kwa mguso mmoja. Kulia, lile la Sekela, limepauka, halina kitu.

"Unafikiri watu wa ziwa watatuonea huruma?" Emilian aliuliza. "Wewe kwao ni wa kuja. Wakinichukua boti, utanipeleka Mkumbi nikachimbe mashimo ya ngoro na mama zako?"

"Utachimba."

"Beata."

Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Joakim azaliwe. Ilimuuma kuliko kama angemtukana.

"Nikiichapa hii," alisema, "mwakani nitaapa kwamba ndivyo nilivyoona. Nitaapa na machozi. Tayari nilikuwa naapa, baba Joakim. Wiki zote hizi nilikuwa naapa kwa mtu aliyekufa kwenye mapaja yangu."

Akabonyeza.

Printa ilikohoa, ikavuta karatasi, ikakaa kimya kama inayofikiri. Kisha kichwa chake kikaanza kutembea, kwenda na kurudi. Ilikuwa mashine ya zamani. Hutoa picha ukanda kwa ukanda kutoka juu, na ukubwa ule ulitaka subira. Kwanza hutoka anga. Emilian alisogea. Alikuwa ameketi saa nzima akiitazama ile anga ya moshi, angeijua. Ukanda wa kwanza ulitoka, na ulikuwa mweupe.

Mkono wake ulienda ukutani, kwenye swichi. Beata aliuona. Hakuinuka. Alijua kwamba akiizima, karatasi itakatika katikati, bahasha ya Songea ataitia mfukoni, na mtendaji ataondoka bila kitu, na kesho litabaki neno la Notburga dhidi ya neno la Emilian, na nusu ya kijiji itakumbuka mawimbi hadi siku ya kiyama.

"Zima kama unazima," alisema. "Mimi nitamwambia mtendaji nimeona nini kwenye hiyo picha. Lakini ningependa nisiwe mimi."

Ukanda wa pili. Wa tatu. Milima ya ng'ambo ilianza kujitokeza, hafifu, na upande wa kulia kichwa cha ile nguzo, kilichofumuka. Kidole cha Emilian kilikuwa juu ya swichi. Printa ilikwenda, ikarudi. Nguzo ilishuka, nyembamba zaidi kila ukanda, imenyooka, haikuinama popote, hadi ilipogusa maji. Na maji yakaanza kutoka, laini, ukanda baada ya ukanda, na hayakuwa na chochote cha kuficha.

Kidole kilitoka kwenye swichi. Mashine ilitema karatasi.

Beata alinyoosha mkono lakini Emilian aliwahi. Kwa nukta moja Beata alifikiri ataichana. Emilian aliishika kingoni, kwa vidole vya mikono yote miwili, kama alivyomwona yeye akifanya ili wino usichafuke, akasukuma pazia kwa bega na kutoka nayo. Alimpita mtendaji. Alisimama mbele ya Notburga, na kwa kuwa benchi lilikuwa fupi ilimbidi apige goti ili karatasi iwe mbele ya macho yake.

"Mama," alisema, "ziwa lilikuwa hivi."

Mtendaji aliinama kutoka pembeni. Jicho lake halikupita kwenye milima wala miti. Lilikwenda moja kwa moja kulia na kubaki hapo. Akajinyoosha, akaivaa kofia yake.

"Ndiyo yenyewe?" alimuuliza Beata. "Haijaguswa?"

"Haijaguswa."

"Emilian, boti usiisogeze. Kesho uje barazani na karatasi zake zote."

"Nimesikia, bwana mtendaji."

Urbani alikuwa amesimama na kamera shingoni. Notburga ndiye aliyeendelea kuitazama picha. Hakuwatazama kungu. Wao alikuwa anawajua, na upepo ambao haukuwepo alikuwa anaujua tangu siku ile. Aliisogeza karatasi karibu na uso, akapitisha ukucha chini, kwenye ukingo wa kilima, mahali ambapo miti ilikuwa inaziba mchanga. Alirudia, kushoto kwenda kulia, polepole, kama anayepekua mchele.

"Binti," alimwita Beata, "hebu njoo. Wewe una macho. Sisi tuko wapi hapa?"

Beata alitoka nyuma ya pazia, akapiga magoti kando ya mumewe. Alitafuta kwa nia yote. Aliutafuta mchanga, boti, kanga. Kisha akaweka ncha ya kidole chini kabisa, pale miti ilipokuwa minene na picha ilipokuwa inakwisha.

"Hapa, mama," alisema. "Nyuma ya hii miti. Tupo, ila hatuonekani."

Notburga aliweka kidole chake palepale, kando ya kile cha Beata, wala hakujali kwamba wino ulikuwa haujakauka.